Shahada ni Ushahidi wa Nini?

Lugha yetu imelitwika neno moja mizigo mitatu. Mwislamu hutoa shahada kwa ulimi, na moyo ukausadikisha ulimi. Aliyekufa katika njia ya haki tunasema kafa shahidi. Na kijana aliyemaliza chuo kikuu akavaa joho na kupewa karatasi yenye muhuri, naye tunasema kapata shahada. Asili ya yote matatu ni moja, nayo ni kushuhudia: kuwapo, kuona, na kukisema ulichokiona bila ya kupunguza wala kuongeza. Waingereza huiita karatasi hiyo kwa neno ambalo asili yake ni kipandio cha ngazi. Sisi hatukusema kipandio, tumesema ushahidi. Na palipo na ushahidi hapana budi paulizwe: nani anayeshuhudia, anamshuhudia nani, na juu ya jambo gani?

Swali hili laweza kuulizwa juu ya shahada yoyote. Lakini iko moja inayolidhihirisha kuliko nyingine, kwa kuwa imesimama mpakani baina ya mkono na karatasi, nayo ni shahada ya kwanza ya teknolojia ya uhandisi. Si ya uhandisi wenyewe, wala si cheti cha ufundi. Ni kitu cha katikati, na kila kilicho katikati huvutwa na kila upande. Ni haki msomaji ajue tangu sasa kwamba anayeyaandika haya hana shahada ya kitu chochote. Alichonacho amekiokota vitabuni na kwenye baraza za watu. Ninayo sababu, basi, ya kuzidharau karatasi, na nitajitahidi sababu hiyo isinipotoe.

Tuanze na majina, kwani jina ndilo mlango wa kila ubishi. Mhandisi tumemtwaa kwa Waarabu, ambao kwao handasa ni elimu ya maumbo na vipimo. Na wanazuoni wa lugha hulirudisha neno hilo nyuma zaidi, kwenye neno la Kiajemi lenye maana ya kadiri. Mhandisi ni mtu wa kipimo. Fundi ni wetu wenyewe. Shina lake ndilo lililozaa kufunda na kufundisha, funzo na mkufunzi, na huyo mwanafunzi tunayemzungumza. Fundi ni yule ambaye funzo limemkaa mwilini hata akaweza kumpa mwengine. Ukiyatazama maneno haya kwa asili zake huoni la juu na la chini. Unaona kipimo na funzo, vitu viwili ambavyo nyumba haijengwi kwa kimoja bila ya kingine.

Daraja zilikuja baadaye, nazo zina historia. Pale Tudor, Mombasa, kiko chuo ambacho chanzo chake ni mwaka 1948, ilipoasisiwa Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki wapate elimu ya ufundi. Sultani wa Zanzibar wa zama hizo, Seyyid Khalifa bin Harub, alikuwa miongoni mwa waliochangia. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi ya mji, mwaka 1972 ikawa politekniki, mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 chuo kikuu kamili. Dar es Salaam nayo ilikuwa na taasisi ya ufundi tangu 1957, ikaja ikaitwa Chuo cha Ufundi, na mwaka 1997 ikawa Taasisi ya Teknolojia. Hapana ubaya katika kupanda huku. Taifa lisilopandisha skuli zake halipandi. Lakini mwenye masikio ya maneno atalisikia jambo: katika jina la chuo cha Dar es Salaam neno ufundi limetoka, na nafasi yake limekaa neno la kigeni. Hakuna aliyetamka kwamba ufundi ni aibu. Ila wazazi wengi husema kwa sauti kubwa kwamba mtoto yuko chuo kikuu, na kwa sauti ndogo kwamba anajifunza kazi.

Shahada ya teknolojia ya uhandisi ilizaliwa Marekani, na ilizaliwa kutokana na pengo. Mwaka 1955 kamati iliyoongozwa na L. E. Grinter ilitoa ripoti iliyozihimiza skuli za uhandisi zielekee zaidi kwenye hisabati na sayansi za msingi. Skuli zikafuata. Saa za karakana zikapungua na saa za milinganyo zikaongezeka, na katika miaka iliyofuata vyuo vikaanzisha shahada ya miaka minne kwa wale watakaobaki karibu na mashine: hisabati ya kutumika, maabara kwa wingi, mafunzo viwandani, na mradi wa mwisho ambao mwanafunzi anatakiwa autengeneze akauone ukifanya kazi. Mhandisi alipanda ghorofani, na mteknolojia akawekwa mahali pale alipokuwa amesimama.

Baadaye ulimwengu ukaandikiana mikataba ya kutambuana. Mkataba wa Washington wa mwaka 1989 ni wa wahandisi, wa Sydney wa mwaka 2001 ni wa wateknolojia, na wa Dublin wa mwaka 2002 ni wa mafundi sanifu. Waliotunga vigezo vya mikataba hiyo walitafuta namna ya kuwatenganisha watu hawa watatu, na wakawatenganisha kwa matatizo wanayoyatatua. Mhandisi hutatua matatizo changamano. Mteknolojia hutatua yale yaliyobainishwa kwa upana. Fundi sanifu hutatua yale yaliyobainishwa barabara. Ni mgawanyo wa akili, na mwenye kuendesha mambo makubwa anauhitaji. Lakini ndani yake limelala suala la maadili ambalo karatasi haiwezi kulimaliza: matatizo hayaji yakiwa yamevaa vitambulisho.

Chukua ufa. Ufa katika ukuta wa chokaa ni tatizo la nani? Huenda ni plasta imekauka vibaya, na mwashi ataumaliza kwa mwiko kabla ya adhuhuri. Huenda ni mvua inayopenya kutoka darini, na anahitajika mtu wa kuifuata njia ya maji. Na huenda msingi umeondoka mahali pake na nyumba nzima inakwenda na mtu. Ufa ni ule ule kwa macho. Anayeuona mwanzo si mhandisi aliye ofisini. Ni yule aliye karibu na ukuta, na mara nyingi ndiye wa chini kabisa kwa cheo na mshahara. Yeye ndiye anayeamua, kwa kusema au kwa kunyamaza, tatizo hili ni la daraja gani. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta walitufundisha kuwahi. Hawakutuambia kwamba kuziba kwenyewe kwaweza kuwa ndiko kuficha, na kwamba wakati mwengine mwenye kuziba ufa kwa ustadi ndiye anayewanyima wenziwe habari.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa kwa mfano wa mbali. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika zama za Seyyid Barghash, ilipoteza sehemu yake mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, sehemu kubwa zaidi ikaporomoka na watu wawili wakafa. Nyumba ile ilichanganya jiwe la matumbawe na chokaa na nguzo za chuma, elimu za watu mbalimbali katika kuta zile zile. Nyumba za Mji Mkongwe kwa jumla zina kanuni zake ambazo hazikuandikwa popote na kila mwashi wa zamani alizijua: upana wa chumba hufuata urefu wa boriti ya mkoko, kwa hiyo hauzidi sana mita 3, na chokaa huupa ukuta nafasi ya kupumua, unyevu ukaingia na ukatoka. Saruji ilipokuja ilipendwa, kwa kuwa ni ngumu na inakauka upesi. Mwenye shahada aliipenda kwa sababu ameisoma, na mwashi aliipenda kwa sababu imempunguzia kazi. Ukuta wa chokaa uliovikwa saruji huzuia unyevu ndani, na unyevu uliozuiliwa hula polepole. Hapo hapana wa kumcheka mwenziwe. Karatasi na mkono vyote viwili vilikosa jambo moja, nalo ni kuuliza ukuta huu ulijengwa kwa fikra gani.

Sasa na tumsikilize anayesema kwamba shahada ni karatasi tu. Hoja yake ina nguvu, na kwetu ina pwani nzima ya kumtolea ushahidi. Nungwi majahazi yameundwa bila ya mchoro. Fundi hulaza mkuku, husimamisha mataruma, huchonga kwa tezo na kutoboa kwa keekee, hutia kalfati, na chombo kikashuka majini kikabeba watu na mizigo. Ibn Khaldun, katika Muqaddimah aliyoiandika mwaka 1377, anaeleza kwamba ufundi ni malaka: tabia inayojikita katika nafsi kwa kurudia tendo mara nyingi, na kwamba kuona kwa macho hufikisha funzo kuliko kusimuliwa. Kwa mizani hiyo, mwanafunzi aliyesoma miaka minne juu ya pampu bila ya kuifungua hata moja amesimuliwa tu, na karatasi yake ni ushahidi wa kusikia. Mahakamani ushahidi wa kusikia ni dhaifu.

Lakini hoja hiyo inasahau mambo mawili. La kwanza: fundi wa jahazi hakuwa bila ya shahada, alikuwa nayo isiyoandikwa. Bwana aliyemfunza alijulikana, kijiji kilimjua tangu utoto, vyombo alivyounda vilionekana vinakwenda na kurudi, na bahari ilikuwa mtahini asiyepokea hongo. Atakaye kuunda chombo alipata ushahidi wa kutosha kabla ya kutoa senti yake. Mjini mambo si hivyo. Ninapanda lifti ya jengo ambalo simjui aliyeifunga, ninalala chini ya zege ambalo simjui aliyehesabu nondo zake. Karatasi ilibuniwa ili ishike nafasi ya kijiji. Anayeidharau inampasa atuonyeshe kijiji kingine.

La pili ni zito zaidi. Ufundi wa kurithi hujifunza kwa kosa, na kosa hufundisha pale tu linapoonekana mapema na linapogharimu kidogo. Tezo ikipotoka, ubao huonyesha papo hapo. Umeme haufundishi hivyo. Tangu mwaka 1980 Unguja ilikuwa ikipata umeme wake kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, wenye msongo wa volti 132,000 na uwezo wa megawati 45. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa takriban miezi mitatu. Tunaokumbuka tunakumbuka kwamba giza ndilo lililokuwa jepesi. Pampu zilisimama, watu wakatafuta maji kwa ndoo. Mahoteli yakafungwa milango, samaki wakaoza, na mwenye genereta akawa tajiri wa mtaa. Mwaka 2013 ndipo ulipozinduliwa waya mpya wa megawati 100. Hapana babu aliyeturithisha namna ya kuunga waya kama ule. Mapokeo yanajua yaliyokwisha kufanywa. Pale boriti ya mkoko inapokuwa zege la mita 6, na taa ya mafuta inapokuwa waya wa baharini, mapokeo hunyamaza, na inabidi isemwe na hesabu. Hiyo ndiyo haki ya chuo, na ni haki ya kweli.

Lakini hesabu nayo hunyamaza, na inaponyamaza inabidi liseme jicho. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja lililokuwa likijengwa juu ya mto St. Lawrence, karibu na mji wa Quebec nchini Canada, liliporomoka likaua wafanyakazi 75. Mshauri mkuu wake, Theodore Cooper, alikuwa mtu mwenye jina kubwa, na alikuwa akiisimamia kazi hiyo kutoka New York. Nafasi baina ya nguzo ilikuwa imerefushwa kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, na uzito wa chuma haukuhesabiwa upya kwa wakati. Mwezi ule wa Agosti waliokuwa darajani waliona vyuma vya chini vinapinda, na mhandisi kijana, Norman McLure, akavipima, kisha akasafiri hadi New York kupeleka habari. Cooper alitambua khatari akapeleka simu ya maandishi kwa kampuni kwamba mzigo usiongezwe. Kazi darajani haikusimamishwa, na jioni ile ile daraja likaanguka. Tazama ushahidi ulivyokuwa. Mwenye jina alikuwa mbali na chuma. Aliyekuwa karibu na chuma aliona, akapima, akasema, lakini hakuwa na mamlaka ya kusema "simamisheni". Elimu ilikuwapo kwa wote wawili. Kilichokosekana ni njia ya ushahidi wa aliye karibu kusikilizwa kama ushahidi.

Mwaka jana kijana mmoja wa mtaani petu aliniletea hati zake za chuo nimtafsirie. Nilipofika kwenye jina la masomo aliniuliza: "Maalim, nikimaliza nitakuwa mhandisi au nitakuwa fundi?" Nilimjibu kwamba bodi za usajili ndizo zitakazompa jina. Kisha nikamwongezea kwamba kazi yake itakuwa pale pale alipokuwa McLure, na kwamba kazi hiyo haiwezi kuwa nusu ya kazi ya mtu mwengine. Anayesimama baina ya hesabu na chuma, akazijua lugha zote mbili, ni mkalimani. Na mimi kwa kazi yangu ninajua kwamba mkalimani akinyamaza, au akiongeza la kumfurahisha bwana mkubwa, pande zote mbili huangamia na kila mmoja akidhani amefahamiana na mwenziwe. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wengi huisoma methali hiyo kama faraja ya anayekosa. Mimi naisoma kama habari ya kazi: pasipo na wa kuvukuta, chuma hakishiki moto, na msanaji hupiga ubaridi.

Kwa upande wa majina, Kenya imelionja jambo hili kwa uchungu. Katika miaka ya 2010 bodi ya wahandisi ilikataa kuzitambua shahada za uhandisi za vyuo kadhaa, na wanafunzi wakaandamana, na mashauri yakafika mahakamani. Mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kuwaandikisha wateknolojia na mafundi sanifu wa uhandisi katika bodi yao wenyewe. Bodi ina haki ya kukataa ushahidi isiouamini, kwani atakayekufa chini ya daraja bovu hana bodi ya kumlilia. Ila dhulma imo mahali pengine. Chuo kinachofungua masomo, kikapokea ada miaka minne, kikamwambia mzazi aliyeuza karafuu zake au shamba lake kwamba mwanawe atakuwa fulani, na hali kinajua kwamba jina hilo hakina idhini ya kulitoa, chuo hicho kimetoa ushahidi kabla ya kuuona. Adhabu yake hulipwa na asiye na kosa, naye ni kijana wa miaka 24 mwenye karatasi ambayo mlango hauitambui.

Na uko ushahidi wa uongo ulio mdogo zaidi, ambao hauendi mahakamani. Ni mradi wa mwisho uliotengenezwa na mwengine kwa malipo. Ni kitabu cha mafunzo ya viwandani kilichojazwa wiki nane kwa usiku mmoja, na msimamizi akatia saini bila ya kumwona mwanafunzi. Ni jibu la maabara lililorekebishwa ili lilingane na kitabu, kwa kuwa mwanafunzi anaona haya kuandika alichokiona na haoni haya kuandika asichokiona. Watu huyaita haya mambo ya mtihani. Lakini mtihani ukishapita, uongo huu haupiti. Unaingia ndani ya shahada na kutoka nayo, na siku moja unasimama mbele ya ufa ukiulizwa hili ni tatizo la nani. Aliyezoea kuandika "sawa" pasipo kupima, siku hiyo ataandika "sawa".

Kwa hiyo sidhani kwamba tofauti ya haki ni baina ya mwenye shahada na asiyekuwa nayo, wala baina ya mhandisi na mteknolojia. Ni baina ya ushahidi unaojua mpaka wake na usioujua. Mwanafunzi wa teknolojia ya uhandisi ana bahati katika hili, ikiwa ataifahamu: masomo yake yote yamejengwa juu ya kukutanisha nambari na kitu chenyewe, na kila anapovikutanisha hugundua wapi ujuzi wake unaishia. Aliyegundua hivyo anaweza kusema maneno mawili yaliyo magumu kuliko mlinganyo wowote. La kwanza ni "hili limepita kipimo changu, aitwe mwengine". La pili ni "nimeona, na kazi isimame".

Nasi tulio nje ya vyuo tunalo letu. Tumezoea kumuuliza kijana amepata daraja gani, na harusini tunalitaja jina la chuo kabla ya jina la baba yake. Ingekuwa bora tukimuuliza amefungua nini, amepima nini, amekosea wapi na aliyejua alimsahihisha vipi. Na akiwa kazini, akasimamisha kazi kwa ajili ya ufa ambao wakubwa wake wanasema ni wa plasta, tusimwambie kwamba anachezea mkate wake. Hapo ndipo anapoitoa shahada yake, na inamhitaji mtu wa kuipokea.